Kichwa cha Mtoto Hakina Spea

Mwezi huu naomba mniruhusu nianze na jambo la nyumbani kwangu. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, maji safi na lishe ya watoto. Leo tuzungumze juu ya pigo la kichwa analopata kijana uwanjani, na zaidi juu ya ukimya unaofuata baada ya pigo hilo. Nitasema pia kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwaonya wengine huku nimejificha.

Dada yangu anaishi Texas, nchini Marekani, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwanawe wa kwanza ana miaka 17, yuko sekondari, na amebakiza mwaka mmoja kumaliza. Mwili amejaliwa, mbio anazo, na shuleni kwao anacheza futiboli. Si kandanda tuijuayo sisi. Ni futiboli ya Kimarekani: timu mbili za watu kumi na mmoja, mpira wenye umbo kama la yai unaobebwa mkononi, na uwanja wa yadi 100 toka mstari hadi mstari. Anayeubeba mpira hukimbia, na wapinzani humrukia na kumwangusha chini. Vijana huvaa kofia ngumu kichwani na ngao mabegani, kisha hugongana kwa nguvu zao zote. Mechi za sekondari huchezwa Ijumaa usiku, na mji mzima hutoka kwenda kutazama.

Kijana huyu ana tumaini moja kubwa: kuchezea timu ya chuo kikuu. Kule Marekani chuo humgharimu mzazi maelfu mengi ya dola kila mwaka, na mchezaji mzuri aweza kulipiwa ada, chakula na malazi kwa ajili ya mchezo wake. Kwa mama anayeosha na kulisha wazee zamu ya usiku, hilo si jambo dogo.

Basi, Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana, saa moja asubuhi, simu yangu ililia. Kwao ilikuwa bado Ijumaa, saa tano usiku. Dada aliongea kwa sauti ya chini.

"Kaka, huyu mtoto amegongwa kichwa. Alianguka, akainuka, akaelekea upande wa wapinzani mpaka wenzake wakamgeuza. Akaendelea kucheza hadi mwisho. Sasa ametapika mara mbili na ananiambia nizime taa, inamuumiza macho. Lakini amenishika mkono ananiomba nisimwambie kocha. Ijumaa ijayo watu wa chuo wanakuja kumtazama."

Nikaomba nizungumze naye.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo mmecheza na nani?"

Akanyamaza. Alikuwa ametoka uwanjani saa moja tu iliyopita, naye hakuweza kulitaja jina la shule waliyocheza nayo. Nikamwambia dada: mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kesho, na kocha utamwambia wewe mwenyewe. Alimpeleka usiku ule ule. Mungu akasaidia, hakuwa amevuja damu ndani ya kichwa. Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo.

Huo mtikisiko wa ubongo ni nini?

Ubongo ni kiungo laini, nao umezungukwa na majimaji ndani ya mfupa wa fuvu. Mtu anapogongwa, au mwendo wake unaposimamishwa ghafla, kichwa husimama lakini ubongo ndani huendelea kusukumwa na kujipinda. Fikiri debe la nyanya juu ya basi katika barabara mbovu. Ukifika sokoni, debe halina hata alama, lakini ukifunua unakuta nyanya zimepondeka. Ndiyo maana kofia ngumu haitoshi. Inasaidia sana fuvu lisipasuke, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtu asipozimia hakuumia. Hilo si kweli. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuumizwa na mwanga au kelele, kusahau, kujibu polepole, kukasirika ovyo, na usingizi kuvurugika. Dalili nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa au hata siku ya pili. Na picha ya kichwa ikitoka safi, maana yake ni kwamba hakuna damu wala mfupa uliovunjika. Haina maana kwamba ubongo haukuumia.

Hatari kubwa zaidi ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Kwa vijana, pigo la pili, hata likiwa dogo, mara chache laweza kusababisha ubongo kuvimba ghafla, na kijana akafa au akabaki mlemavu. Marekani walijifunza hivyo kwa machozi. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington, mvulana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa chini karibu na mapumziko ya mechi. Alipumzishwa kidogo, kisha akarudishwa uwanjani. Baada ya mechi alianguka. Ubongo wake ulikuwa unavuja damu, akapasuliwa kuokoa maisha yake, na alikaa miezi tisa kabla ya kutamka neno. Mwaka 2009 jimbo lile lilipitisha sheria yenye jina lake: kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe uwanjani, na asirudi mpaka apate ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Sheria basi ipo. Lakini sheria haiwezi kuona asichokisema mtoto. Kocha ana wachezaji makumi kadhaa, na mwamuzi anatazama mpira. Anayejua kwamba taa zinamuumiza macho ni mtoto mwenyewe, na pengine mama aliyemfungulia mlango usiku. Ikiwa hao wawili wamekubaliana kunyamaza, sheria yote imekuwa bure.

Kuna na hatari ya pili, ambayo huja polepole. Mwaka 2002 alifariki Mike Webster, mchezaji maarufu wa timu ya Pittsburgh Steelers, akiwa na miaka 50 tu. Miaka yake ya mwisho alikuwa amechanganyikiwa na kusahau mengi. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Kwa macho ubongo ule ulionekana wa kawaida. Hakuridhika, akaukata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini, akaona uharibifu unaotokana na mapigo ya miaka mingi. Alitangaza matokeo yake mwaka 2005, na wakubwa wa mchezo wakampinga vikali. Ilifika mwaka 2016 ndipo kiongozi wa ligi ya kulipwa alikiri hadharani kwamba uhusiano huo upo.

Ugonjwa huo huitwa kwa kifupi CTE, na kwa sasa huthibitishwa baada ya mtu kufa tu. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walitoa matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa wachezaji 202 wa futiboli waliofariki. Kati ya 111 waliocheza katika ligi kubwa ya kulipwa, 110 walikuwa na ugonjwa huo. Kati ya 53 walioishia vyuoni, 48 walikuwa nao. Kati ya 14 walioishia sekondari, 3 walikuwa nao. Hapa ni lazima niseme kwa haki: ubongo huo ulitolewa na familia, na nyingi kati yake zilikuwa zimeona dalili kwa ndugu yao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila mchezaji ataugua. Lakini wataalamu wameona pia kwamba kadiri mtu anavyocheza miaka mingi ndivyo hatari inavyoongezeka. Mzazi anayo haki ya kulijua hilo kabla ya kutia sahihi fomu ya mtoto.

Wapo watakaonijibu: wewe unasema hivyo kwa sababu una chakula mezani. Ufadhili wa michezo umewasomesha vijana wengi maskini, pamoja na watoto wa wageni. Ni kweli, wala siupuuzi mchezo huo. Umemfundisha mpwa wangu kuamka mapema, kutii, kula vizuri na kuvumilia wenzake. Umempa marafiki katika nchi ya ugeni. Sisemi aache. Ninalosema ni kwamba tumaini la chuo lisigeuke kuwa sababu ya kuficha maumivu. Nina hoja tatu.

Kwanza, hesabu yenyewe. Marekani wanafunzi wa sekondari wanaocheza futiboli ni yapata milioni moja. Kwa hesabu za NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kila 100 ni kama saba tu wanaopata kucheza katika vyuo vya chama hicho. Wanaofika daraja la kwanza, lile la vyuo vyenye majina kama Notre Dame na Texas, ni kama watatu. Na vyuo vya daraja la tatu havitoi kabisa ufadhili kwa ajili ya michezo. Kwa hiyo katika kila vijana 100, zaidi ya 90 watamaliza sekondari na kuvua kofia ile. Hao nao watahitaji kichwa cha kujifunzia ufundi, cha kufanyia kazi na cha kulelea watoto wao.

Pili, njia ya chuo yenyewe inapita darasani. Anayetaka kucheza daraja la kwanza hana budi kufaulu masomo 16 ya msingi, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Kijana mwenye ubongo ulioumia hukaa mbele ya kitabu akasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuuelewa. Akificha pigo ili asipoteze mechi moja, aweza kupoteza muhula mzima.

Tatu, kuficha hakumpi hata hizo mechi anazozitaka. Wataalamu waliolinganisha vijana waliotoka uwanjani mara tu baada ya pigo na wale walioendelea kucheza waliona kwamba walioendelea walichukua takriban muda mara mbili kupona. Mpwa wangu alicheza hadi filimbi ya mwisho usiku ule. Alikaa nje karibu wiki tano.

Sasa nije kwenye kosa langu. Siku chache baadaye, alipoanza kupata nafuu, nilimuuliza kwa upole kwa nini alitaka kuficha. Alinijibu hivi: "Mjomba, nilimsikia mama akiongea na wewe habari za ada. Na wewe uliniambia mimi ndiye nitakayewajengea nyumba kijijini."

Ni kweli nililisema. Nililisema kwa utani, kwenye simu, siku ya sikukuu, na watu wote wakacheka. Kumbe mtoto alilichukua, akalibeba, akaingia nalo uwanjani. Mimi, ninayewaandikia ninyi habari za afya kila mwezi, nilikuwa mmoja wa waliomfunga mdomo.

Hapo ndipo penye shauri langu la leo. Tumezoea kuwalaumu makocha, na wengine wanastahili lawama. Lakini mtoto haanzi kuficha maumivu uwanjani. Anaanza nyumbani, anapohisi kwamba ada ya wadogo zake, matibabu ya bibi na bati za nyumba vyote vimewekwa juu ya miguu yake. Mtoto mwenye upendo ndiye atakayeficha zaidi, kwa sababu hataki kutuangusha. Haitoshi basi kumwambia "ukiumia sema". Tumwondolee kwanza ile sababu ya kutosema.

Tufanyeje? Nashauri mambo haya.

1. Kabla msimu haujaanza, mzazi amwambie mtoto wazi, na ikiwezekana mbele ya kocha: "Ukigongwa kichwa ukasema, hakuna atakayekukasirikia hapa nyumbani, hata kama umekosa mechi kubwa kuliko zote." Maneno haya yasemwe mapema. Usiku wa pigo mtoto hana akili ya kuyapima.

2. Familia iwe na njia nyingine ya masomo na mtoto aijue: vyuo vya gharama nafuu vya karibu na nyumbani, misaada ya serikali kwa wanaostahili, au chuo cha ufundi. Akiijua njia ya pili, hataikumbatia ya kwanza kwa kufa na kupona.

3. Akigongwa na kuonyesha dalili yoyote, atoke siku hiyo hiyo na asirudi siku hiyo, hata akisema amepona.

4. Apelekwe hospitali mara moja akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kumuuma, akipata degedege, akilegea upande mmoja, maneno yakimkwama, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, akitokwa damu au majimaji masikioni au puani, akizidi kuchanganyikiwa, au akilala usingizi asioamshika. Msimpe aspirini kabla ya kuonana na daktari.

5. Baada ya hapo apumzike siku moja au mbili, kisha arudi darasani polepole. Mchezo unafuata hatua kwa hatua: kutembea, kukimbia, mazoezi bila kugongana, ndipo mazoezi kamili kwa ruhusa ya daktari, na mwisho mechi. Kila hatua isipungue siku moja. Dalili zikirudi, arudi hatua ya nyuma.

Mtasema, huku kwetu futiboli hiyo haipo. Haipo, lakini vichwa tunavyo. Katika mashindano ya UMISSETA na viwanja vyetu vya parokiani, golikipa hugongana na mshambuliaji, akamwagiwa maji, akaambiwa "jikaze, wewe mwanaume", akarudi golini huku anayumba. Hata huku kijana mwenye ndoto ya kusajiliwa atanyamaza, kama mpwa wangu alivyotaka kunyamaza. Dalili nilizoziorodhesha ni zile zile, na hatari ni ile ile. Kateni orodha hii mkampe mwalimu wa michezo.

Mtapenda kujua yaliyompata kijana wetu. Ile Ijumaa iliyofuata watu wa chuo walikuja kweli. Yeye alikaa benchi na nguo za kawaida, mama yake akiwa jukwaani. Dada aliniambia hakuwahi kuona saa mbili ndefu kama zile. Chuo kile hakikupiga simu tena. Kingine kidogo kiliandika kuuliza maendeleo yake, kisha kikanyamaza. Ninapoandika haya hatujui kama atapata nafasi. Bado anafanya mazoezi, bado ana tumaini, na bado mama yake anafanya zamu ya usiku.

Nilimpigia simu mwezi uliopita. Nilimwambia kwamba nyumba ya kijijini tutaijenga sisi wakubwa au itabaki kama ilivyo, na kwamba hana deni nami. Alicheka. Kisha nikamuuliza, kama nilivyozoea sasa kila tukiongea, mechi ya mwisho alicheza na nani. Akanitajia jina la shule, matokeo, na nani alifunga. Nilishukuru.

Tukutane tena mwezi ujao.